Siku Tatu za Kufunga kwa Ajili ya Kidole Kimoja

Jumapili, 15 Septemba

Kovu langu lina urefu wa sentimita saba. Nimelipima kwa rula ya shule. Linaanzia ubavuni mwa kidole gumba cha mguu wa kushoto, linapita pembeni mwa mguu kuelekea kisigino. Rangi yake ni ya biringanya. Limeinuka kama kamba iliyopita chini ya ngozi. Nikiligusa linawasha. Nisipoligusa linawasha zaidi.

Hapo zamani palikuwa na nundu ya mfupa. Ilianza kutoka nikiwa na miaka kumi na miwili, ikakisukuma kidole gumba mpaka kikawalalia wenzake kama mlevi. Kila kiatu kilikuwa adhabu. Mwanzoni mwa mwezi wa nane walikuja madaktari wapasuaji, wakakaa wiki mbili hospitalini hapa Baraka. Waliukata mfupa, wakaunyoosha, wakaushikiza kwa chuma chembamba, wakashona. Nyuzi zimetoka. Chuma kilitoka wiki iliyopita. Kidole kimenyooka! Ningepaswa kuimba.

Siimbi. Jana kanisani mchungaji Raphaël alitangaza kwamba Sabato ya tarehe 28 tutashiriki Meza ya Bwana. Na kabla ya Meza, kama kila baada ya miezi mitatu, tutatawadhana miguu. Wanaume chumba chao, wanawake chumba chao. Wawili wawili, beseni katikati.

Miguu! Mitupu! Mbele ya akina mama wote!

Naandika sababu hapa kwa kuwa siwezi kumwambia mtu. Kabla sijapasuliwa, Mama alisimama kanisani akaomba niombewe. Alisema tu kwamba binti yake Émilienne anaingia operesheni. Ya nini, hakusema. Siku moja baada ya operesheni akaitwa Kilembwe, dada yake amejifungua mapacha, na mpaka leo hajarudi. Nimebaki na Papa, ambaye hutengeneza injini za boti ufukoni na masikio yake yamekufa zamani. Basi akina mama wakaulizana, operesheni ya nini? Maman Adolphine, kiongozi wao, akawakataza kuniuliza. Akasema mambo ya tumbo la msichana hayaulizwi.

Hapo ndipo neno tumbo lilipoingia. Sikulileta mimi!

Walifunga siku tatu. Wanawake saba, bila kula. Siku ya nne wakaja nyumbani. Nilikuwa nimelala, shuka imefunika miguu. Wakaniwekea mikono tumboni, mikono kumi na minne, wakaomba mpaka wakatoka jasho. Nilitaka kuwaambia. Naapa nilitaka. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni Amina.

Sasa Maman Adolphine anatafuta mwalimu wa darasa la watoto wadogo la Shule ya Sabato. Aliyekuwepo ameolewa Uvira. Atamtaja baada ya Meza. Nimemaliza shule mwezi wa saba, diploma nimepata kwa asilimia hamsini na sita, na kuna jambo moja tu duniani naliweza bila kutetemeka: kukaa chini na watoto wa miaka minne. Maman Adolphine akijua alikaa na njaa kwa ajili ya kidole, basi, imekwisha.

Nina siku kumi na tatu.

Jumatatu, 16 Septemba

Mpango wa kwanza: kovu lipotee.

Nimekwenda kwa Anatole, muuguzi aliyekuwa akinibadilishia bandeji. Nilimuuliza, kana kwamba naulizia mtu mwingine, kovu linachukua siku ngapi kwisha. Alitazama mguu wangu. Akasema mwaka mmoja au mmoja na nusu kulainika. Kwisha kabisa, haliishi. Nipake vazelini, nilisugue taratibu dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni, nivae sandali pana, nikikaa niweke mguu juu ya kiti.

Nikauliza, na mtu akiwa na siku kumi na mbili tu?

Akacheka. "Mutoto, kovu haina kalandrie, haihesabu siku."

Akaongeza kwamba nisithubutu kupaka limau. Wala majani. Wala dawa ya meno.

Alijuaje? Limau lilikuwa mfukoni mwangu wakati huohuo.

Jumatano, 18 Septemba

Nimepaka limau. Na dawa ya meno juu yake. Jana mara tatu, leo asubuhi mara moja.

Matokeo: kovu liko palepale. Ila sasa katikati yake ngozi imebanduka, sehemu kubwa kama punje ya hindi, nyekundu na yenye majimaji. Nina kovu la rangi tatu. Papa amepiga kelele, maana yeye hajui kusema kwa sauti ndogo, akiuliza nani anasugua meno mchana kutwa.

Mpango wa pili: watu wasahau kwamba nina miguu. Yaani nitembee sawasawa, kwa viatu vya kufunga, kama mtu aliyepasuliwa tumbo. Nimetoa viatu vyangu vyeusi vya shule. Ni vya zamani, vya wakati wa nundu, na mguu bado umevimba. Nimeuingiza kwa mafuta ya mawese. Uliingia! Kutoka ni suala jingine.

Nikaenda sokoni nikiwa nimenyooka kama askari. Hatua ishirini za kwanza zilikuwa nzuri sana. Kwenye meza ya samaki wadogo, ndagala, nikamkuta Nadège. Tulimaliza shule pamoja. Yeye alipata asilimia sitini na nne. Miguu yake ni kama ile ya kwenye picha za duka la viatu, na yeye pia analitaka darasa la watoto. Anataka kusimama mbele. Kukaa chini na watoto hakumo kabisa katika mawazo yake.

Alinitazama nikija. Akasema mbele ya wauzaji wote, "Émilienne wangu! Tumbo yako njo inachechemea sasa?"

Wakacheka. Nikajishika tumbo haraka na kukunja uso. Nilipofika nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba mwezi wote uliopita nilikuwa nashika upande wa kulia. Leo nimeshika wa kushoto.

Nimejilaza chini ya kikwembe, kitenge cha Mama, uso umefunikwa. Haya inaunguza kuliko limau.

Jumamosi, 21 Septemba. Sabato

Baada ya ibada tulikula pamoja uani mwa kanisa. Samaki wa kukaanga, bugali, sombe ya majani ya mihogo yenye mawese mengi, pilipili. Nilisimama kwenye mstari na sahani yangu. Maman Adolphine akanitoa mstarini kwa mkono wake mwenyewe. Akanikalisha kivulini. Akaniletea uji. Uji mwepesi, bila sukari, kwa ajili ya tumbo langu. Alikuwa ameupika nyumbani kwake alfajiri, akaubeba kwenye chupa ya chai.

Nikanywa vikombe viwili. Nikasema aksanti, Maman. Mbele yangu Nadège alikuwa anamenya samaki.

Halafu Maman Adolphine akakaa karibu nami, akanisimulia siku tatu za kufunga. Sikumwomba anisimulie! Siku ya kwanza ilikuwa nyepesi. Siku ya pili alichota maji, akatetemeka. Siku ya tatu alianguka jikoni, akapiga paji la uso kwenye kinu. Akasogeza kitambaa cha kichwa kidogo, akanionyesha. Ana kovu. Dogo, juu ya nyusi. Akasema hajutii, kwa sababu tazama, mutoto iko muzima.

Kwa hiyo kidole changu kina makovu mawili, na moja liko kwenye uso wa mtu mwingine.

Akasema pia kwamba kuhusu darasa la watoto, moyo wake unaelekea kwa msichana mpole asiyejua uongo. Akanipapasa mgongoni. Nikainua kikombe kitupu nikajifanya bado nakunywa.

Mguu ndani ya kiatu ulikuwa unadunda kama ngoma. Nilipokivua nyumbani, soksi ilitoka na kipande cha ngozi.

Jumatatu, 23 Septemba

Mpango wa tatu: kuugua siku ya Meza, nisiende kabisa.

Nimeanza mapema ili ionekane kweli. Leo asubuhi kwenye bomba nilikohoa mara tatu na kujishika kichwa. Nilidhani niko na majirani tu. Maman Adolphine alikuwa nyuma yangu na ndoo yake. Akaniwekea mkono shingoni. Akasema kama ugonjwa unarudi, leo hii ataita akina mama, wafunge tena. Safari hii siku saba.

Nilipona palepale. Niliruka mtaro kumwonyesha. Nikatua kwa mguu wa kushoto.

Sitaki kuandika zaidi kuhusu mtaro.

Jumatano, 25 Septemba

Mpango wa nne. Huu ndio wenyewe!

Koko Bazubagira haoni. Ni bibi wa milimani, alishuka zamani pamoja na wanawe, na nyumba yake inapakana na kanisa. Macho yake yote mawili yameingia ukungu mweupe. Nikitawadhana na yeye, mguu wangu hautaonekana na mtu! Nitakaa nimeuelekeza ukutani. Nitakausha haraka. Nitavaa soksi. Watu watasema, tazameni Émilienne, amemchagua kikongwe, ana moyo mwema.

Nimekwenda kwake leo kuhakikisha. Nilisimama mlangoni bila kusema neno, nikainua vidole vitatu. Hakuvitaja. Nikatoa ulimi. (Nimtolee ulimi bibi wa miaka themanini! Mungu anisamehe.) Koko akasema, "Ingia, Émilienne. We unakanyangaka na muguu moja na nusu. Nilikusikia tangu barabarani."

Nilimshukuru Mungu kwamba haoni kitu.

Nikamwomba tutawadhane pamoja Sabato. Akasema ana mtu wake wa kila mara, ila beseni ni ya Mungu, nije tu. Akanipa maziwa ya mgando. Nikayanywa kwa aibu, lakini nikayamaliza.

Jumamosi, 28 Septemba. Sabato

Naandika haraka kabla sijaanza kulia tena.

Nilifika wa kwanza, hata maji ya moto hayajaletwa. Koko Bazubagira alikuwa kwenye benchi la pembeni, karibu na dirisha. Nikakaa mbele yake, mguu wa kushoto umeelekea ukutani. Moyo ukatulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

Akina mama wakaingia. Nadège akaingia. Akaingia Maman Adolphine na viatu vyake vyeusi vya kufunga na soksi zake nene, akaja moja kwa moja mpaka kwenye benchi letu. Akaniambia kwa upole kwamba nimekaa mahali pake. Yeye na Koko wanatawadhana kila mara, ni mwaka wa kumi na mbili sasa.

Ningepaswa kuinuka. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuinuka. Lakini leo nilibaki nimekaa! Nilitazama beseni nikasema, kwa sauti ya mbu, kwamba Koko ameniahidi.

Chumba kizima kiligeuka. Mtu habishani na Maman Adolphine. Nilingoja anikaripie. Hakunikaripia. Alitazama mabenchi mengine, moja baada ya jingine, kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umefungwa kwa ndani. Kisha akakaa peke yake kando yetu. Viatu hakuvivua. Nilidhani amekasirika, na shingo yangu ikawaka moto.

Shemasi wa kike akamimina maji. Nikaingiza mguu. Koko akaanza. Vidole vyake vikapita kisigino, vikapita unyayo, vikafika kwenye kovu. Vikasimama. Vikarudi nyuma. Vikalipanda lote, polepole, sentimita zote saba, kama mtu anayesoma barua.

Koko huongea kwa sauti ileile aliyokuwa akiitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Akasema, "Eeh! Huyu mutoto balimupasula muguu! Na balifanya muzuri! Mufupa imesimama kabisa!"

Mikono yote ikatoka kwenye maji.

Nadège akasema kutoka mlangoni, "Muguu? Si ilikuwaka tumbo?"

Na Maman Adolphine, taratibu sana, "Émilienne. Na tumbo?"

Ukweli ulikuwa mfupi. Ni kidole, Maman. Maneno matatu. Ulikuwa umekaa kwenye ulimi kabisa. Mimi nikasema daktari alipitia mguuni. Nikasema kuna mshipa. Unaanzia kidole gumba, unapanda mpaka tumboni, na madaktari wa siku hizi hawapasui tena tumbo, wanapitia chini.

Mama mmoja akasema, "Yesu wangu!" Mwingine akainama akashika kidole chake mwenyewe. Kwa muda wa pumzi tatu, niliokoka.

Koko akacheka mpaka maji yakamwagika. "Mi nilizalisha ng'ombe myaka makumi tano. Nilitia mukono fasi yote. Njia ya kutoka ku kwato mpaka ku tumbo, sijaionaka bado!"

Walicheka wote. Nadège alicheka akakaa chini. Nami nikaanza kulia, nikasema yote, nikiliambia beseni. Kidole. Nundu. Mikono kumi na minne. Amina. Lakini sauti yangu ni ndogo, na shemasi akaniomba nirudie, kwa kuwa wa nyuma hawakusikia. Nikarudia! Nilikiri mara mbili, mara ya pili kwa kupaza sauti!

Baada ya hapo hawakucheka tena. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Maman Adolphine alisema, "Siku tatu." Basi, hayo tu.

Kisha akamwita Nadège aje akae na Koko. Akalivuta beseni langu mbele yake, akaupakata mguu wangu, akauosha. Maji yalipofika penye ngozi iliyobanduka niliuma mdomo. Akatazama. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilivaa viatu vya kufunga juu ya kidonda. Nikasema ndiyo, Maman. Akauliza, ili kuficha? Nikasema ndiyo. Akavuta pumzi ndefu. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyeulizwa swali asilolitaka.

Zamu yangu ikafika. Hakuvua viatu. Alisema tungoje. Wenzetu wakakausha miguu, wakakumbatiana, wakaondoka kwenda ukumbini wakiimba. Chumba kilipobaki kitupu ndipo alipoinama. Kiatu kimoja. Cha pili. Soksi nene, moja, mbili.

Miguu yote miwili! Nundu kubwa kuliko yangu ilivyokuwa, ngozi imekuwa gamba, vidole gumba vimewapanda wenzao kabisa. Miaka kumi na miwili na Koko asiyeona. Nami nimekaa mahali pake.

Alikuwa anatazama dirishani. Akasema, "Maji inapoa. Fanya mbio."

Nikamwosha. Sijawahi kuona haya kama hiyo. Hata jina la haya hiyo silijui.

Jumapili, 29 Septemba

Anatole amenisafishia kidonda. Alinusa kwanza. Akasema limau ni ya samaki. Nilimwambia kuna mtu aliyenishauri. Akaniuliza mtu huyo ana asilimia ngapi ya diploma. Wiki mbili bila kiatu chochote cha kufunga, shashi safi kila siku, na kovu huenda likawa nene zaidi kuliko ambavyo lingekuwa. Kusugua kusubiri mpaka ngozi ifunge.

Mkiani mwa ibada jana walitangaza mwalimu wa watoto wadogo. Ni Nadège.

Sikulia. Nililia kidogo. Nilipita kwenye dirisha la kanisa nikaona ile mikeka midogo ya watoto imekunjwa, nikalia tena kidogo.

Jumanne, 1 Oktoba

Mama amerudi kutoka Kilembwe na gunia la karanga. Hakuhitaji kusimuliwa. Dereva wa pikipiki aliyembeba alimsimulia njiani, bila kujua kwamba amembeba mama wa mhusika.

Alishuka, hakunisalimu, akasema, "Niliacha mutoto na kidole, narudi nakuta mutoto na tumbo!"

Papa, ambaye ndiyo kwanza anaelewa kinachoendelea tangu mwezi wa nane, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka ufukoni: "KWA HIYO TUMBO IKO SAWA?"

Mama akanivalisha sandali za wazi, akanitangulia barabarani. Nyumba saba. Kila nyumba nilitakiwa kusimama mlangoni, kuinua mguu na kusema: Ilikuwa kidole, Maman, unisamehe. Mama mmoja alisema amenisamehe, kwanza alipungua, nguo zake za zamani zimemwenea. Wa tatu alinifungia mlango, kisha akaufungua tena kuuliza kama madaktari hao wanatengeneza na magoti. Wa tano aliendelea kuchambua mchele wake mpaka tukaondoka. Huyo ndiye ninayemfikiria.

Nyumba ya saba ilikuwa ya Maman Adolphine. Aliusikiliza msamaha wangu kama watu wengine. Akamwambia Mama kwamba mtoto ameshalipa. Hakunitazama usoni. Alinitazama mguu, muda mrefu.

Nimeahidi mbele ya Mama, na sasa naandika kwa herufi kubwa ili isifutike: SITASEMA UONGO TENA. WALA SITANYAMAZA PALIPO NA UONGO. WALA SITAPANGA MIPANGO.

Nimetia sahihi. Nimejisikia mwepesi kama aliyeoga.

Alhamisi, 3 Oktoba

Maman Adolphine amekuja. Alipitia nyuma, katikati ya mihogo, Mama akiwa ameshakwenda sokoni. Alikaa kwenye kiti cha Papa na kuvuta kikwembe kikafunika viatu.

Alizunguka kwanza. Karanga za Kilembwe, mapacha, mvua. Halafu akaniuliza kama sindano ya mgongo inauma. Nikamwambia, kidogo. Mtu anasimama baada ya siku ngapi? Nikamwambia yote: kisigino kwanza, mguu juu ya mito, chuma, wiki sita bila kutoka nje. Nilimwonyesha kovu lenyewe, pazuri na pabaya, nikamweleza kwamba pabaya ni pa limau na viatu, si pa daktari. Aliligusa kwa ncha ya kidole. Alisema madaktari watarudi mwezi wa kwanza. Ameshaandikwa. Mguu wa kulia kwanza, na wa kushoto watakaporudi tena.

Halafu akaniambia jambo. Siku ya tatu ya kufunga, kabla ya kuanguka, mdomo wake ulikuwa unaombea tumbo langu, lakini moyoni alikuwa anaombea miguu yake. Kwa hiyo hata yeye hakuwa anaombea alichosema. Alicheka kidogo. Nilicheka pia, na macho yangu yakajaa maji.

Nilidhani hapo yamekwisha. Lakini akaniuliza awaambie nini akina mama. Wiki sita kitandani! Wakimuuliza, aseme nini? Baada ya mambo yangu hawezi kusimama kanisani na kuomba waombee kidole kingine. Watakufa kwa kucheka.

Nilimwambia ukweli ni bora. Nilisema bila kutetemeka, kama mwalimu. Nilimwambia mimi nimejifunza, na nikamwonyesha ukurasa wa juzi wenye herufi kubwa. Aliusoma wote. Akasema ni mwandiko mzuri. Akaanza kuinuka, na nikamwona anavyotanguliza ukingo wa mguu ili nundu isiguse kiatu, nikakumbuka chumba kizima kikinigeukia.

Nikamwambia akae kidogo.

Tumbo haliwezekani, limeshatumika. Moyo ni hatari, wote watakuja kusikiliza unavyopiga. Malaria haichukui wiki sita. Nilifikiri kwa muda wa kumenya karanga kumi hivi, siyo zaidi, na lilikuja lenyewe, kamili, zuri kuliko mipango yangu yote. Figo! Hazionekani. Ziko mgongoni, mtu akiwa amelala chali hawezi kuwekewa mikono. Na mtu mwenye figo anaruhusiwa kuinua miguu juu ya mito, nani atakataa?

Maman Adolphine aliuliza, na mguu wa pili je, madaktari watakaporudi?

Lakini hilo ndilo jema lake, Maman! Miguu ni miwili, na figo ni mbili.